Jinsi ya Kutazama Filamu Inayofukua Kashfa ya Kisiasa

Mwanasiasa akishaondoka madarakani, na hasa akishaondoka duniani, jina lake hubaki mikononi mwa wengine. Wanahistoria huliandika katika vitabu vinavyosomwa na wachache, mahakama hulihifadhi katika kurasa za hukumu ambazo ni nadra kufunguliwa, lakini filamu huliingiza majumbani mwa mamilioni ya watu kwa muda wa saa mbili tu. Ukimwuliza kijana aliyezaliwa miaka 30 baada ya Richard Nixon kujiuzulu urais wa Marekani anajua nini kuhusu kashfa ya Watergate, huenda akakusimulia mambo ambayo kwa sehemu kubwa ameyaona kwenye filamu, na asijue kwamba baadhi yake hayakutokea kabisa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzitazama filamu za namna hiyo kwa makini, akafurahia ufundi wake, na bado akabaki na hukumu yake mwenyewe juu ya mwanasiasa anayesimuliwa. Sisemi kwamba filamu hizo ni za uongo. Nazithamini sana, na nitaonyesha mbele kidogo kwamba kuna wakati zimelazimisha serikali kufungua makabati yaliyokuwa yamefungwa kwa miaka mingi. Jambo ninalolisisitiza ni kwamba nguvu kubwa ya filamu juu ya jina la mtu imo katika kuchagua: siku gani hadithi ianze, siku gani imalizike, na mambo yaonekane kwa macho ya nani. Mwongozaji anaweza kutosema neno moja la uongo na bado akambadilisha kabisa mtu huyo mbele ya macho yetu.

Kabla ya kutazama

Chukua daftari, na kabla hujaifungua filamu andika nusu ukurasa wa yale unayoyakumbuka kuhusu kashfa yenyewe: mwanasiasa alituhumiwa kwa nini, mambo yalijulikanaje, na yalimgharimu nini. Usitafute popote, andika kilichomo kichwani, hata kama ni kidogo na kina makosa. Ukurasa huu ndio utakaokuonyesha baadaye ni kitu gani filamu imekuwekea akilini, kwa sababu baada ya kutazama huwa vigumu sana kutenganisha ulichokuwa unakijua na ulichoonyeshwa.

Kisha, katika ukurasa wa pili, andika mfuatano wa tarehe kutoka katika vyanzo visivyo filamu. Tarehe nane au kumi zinatosha. Nitatumia Watergate kama mfano katika sehemu kubwa ya mwongozo huu, kwa kuwa ni kashfa iliyorudiwa mara nyingi mno na ambayo nyaraka zake ziko wazi. Tarehe 17 Juni 1972 watu watano wenye uhusiano na kampeni ya Rais Nixon walikamatwa usiku ndani ya ofisi za Chama cha Democratic katika jengo la Watergate mjini Washington. Novemba mwaka huohuo Nixon alichaguliwa tena kwa kishindo, akishinda majimbo 49 kati ya 50. Mei 1973 kamati ya Seneti chini ya Seneta Sam Ervin ilianza kuwahoji mashahidi hadharani, na tarehe 16 Julai shahidi mmoja, Alexander Butterfield, akafichua kwamba rais alikuwa na mitambo ya kurekodi mazungumzo ofisini mwake. Oktoba 1973 Nixon alishinikiza kufukuzwa kwa mwendesha mashtaka maalumu, Archibald Cox, aliyekuwa akizidai kanda hizo. Tarehe 24 Julai 1974 Mahakama ya Juu, kwa kura nane bila pingamizi, ilimwamuru rais azitoe. Aliondoka madarakani tarehe 9 Agosti 1974, na mwezi mmoja baadaye Gerald Ford, makamu wake aliyemrithi, akamsamehe.

Weka ukurasa huo karibu nawe wakati wote wa kutazama.

Angalia inapoanzia na inapoishia

Swali la kwanza la kuijaribu filamu nalo ni hili: katika mfuatano ule wa tarehe, filamu imechukua kipande gani? Weka alama mwanzo na mwisho. *All the President's Men*, filamu ya mwaka 1976 iliyoongozwa na Alan J. Pakula, inaanza Juni 1972, mwezi wa uvunjaji wenyewe, na kuishia Januari 1973, Nixon akila kiapo cha muhula wa pili kwenye televisheni huku waandishi wawili wa gazeti la Washington Post wakiendelea kupiga taipu. Mambo yote ya mwaka mmoja na nusu uliofuata yanapita kwa vichwa vya habari vinavyochapwa haraka kwenye mashine, na ghafla rais amejiuzulu.

Tazama sasa kilichoachwa nje. Kamati ya Seneti haimo, Butterfield hayumo, Cox hayumo, Mahakama ya Juu haimo. Mtazamaji anatoka akiamini kwamba waandishi wawili walimwangusha rais, ilhali ukurasa wako wa tarehe unaonyesha kwamba kilichomwangusha ni kanda, na kanda zilipatikana kwa nguvu ya Bunge na mahakama. Waandishi walifanya kazi kubwa na ya hatari, sina shaka nayo, na waliizuia habari isife wakati magazeti mengi yalikuwa yameipuuza. Lakini kuishia Januari 1973 ni uamuzi wenye matokeo: unawafundisha watu kwamba dawa ya kashfa ni mwandishi shupavu, na kuwasahaulisha kwamba taasisi nazo zilisimama imara.

Mwisho wa filamu ndio unaoamua pia mwanasiasa atakumbukwa akiwa katika hali gani. Chukua kashfa ya Uingereza ya mwaka 1963. John Profumo, waziri aliyehusika na jeshi, alisimama bungeni mwezi Machi akakana uhusiano usiofaa na mwanamitindo Christine Keeler, kisha Juni akakiri kwamba alikuwa amelidanganya Bunge na akajiuzulu. Filamu *Scandal* ya mwaka 1989 inasimulia habari hiyo, na uzito wake uko kwa Keeler na Stephen Ward, daktari wa mifupa na rafiki wa Keeler, aliyekufa Agosti 1963 kesi dhidi yake ikiwa haijakamilika. Sasa, Profumo mwenyewe aliishi hadi 2006, na baada ya kuanguka alifanya kazi ya hisani kwa miongo kadhaa katika taasisi ya Toynbee Hall mashariki mwa London, hata akatunukiwa nishani mwaka 1975. Filamu inayokomea 1963 haina nafasi ya miaka hiyo, na filamu inayoifuata miaka hiyo haina budi kumpunguzia Ward nafasi. Hakuna mwisho usiompendelea mtu. Wajibu wako ni kutaja kwa jina mwisho huo umempendelea nani.

Nani anabeba hadithi, na nani hayupo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sijui msemo unaofaa zaidi kwa sanaa ya filamu. Hii ndiyo hatua ninayoomba utumie muda mwingi zaidi kuliko nyingine zote.

Filamu inapofika dakika ya 20 hivi, isimamishe na ujiulize kamera imekuwa ikimfuata nani. Mara nyingi utakuta mtu mmoja au wawili, na utakuta kwamba unaanza kutaka wafanikiwe, hata kama katika maisha ya kweli usingewapenda. Andika majina yao. Halafu andika upande wa pili majina ya watu walio katika mfuatano wako wa tarehe ambao hujawaona. Ukimaliza filamu rudi uone ni nani kati yao alitokea na kwa dakika ngapi.

Jaribu zoezi hili kwa filamu ya 1976 na matokeo yatakushangaza. Katharine Graham, mmiliki wa Washington Post ambaye angeweza kupoteza kila kitu, anatajwa tu, haonekani. Barry Sussman, mhariri wa habari za jiji aliyewaongoza waandishi wale siku hadi siku, ameondolewa kabisa na kazi yake kugawiwa wahariri wengine. Ilichukua miaka 41 Graham kupata filamu yake. *The Post* ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Steven Spielberg, inamweka katikati kwa uamuzi wake wa Juni 1971 wa kuchapisha nyaraka za siri za wizara ya ulinzi kuhusu vita vya Vietnam. Hata hivyo hapo napo kuna wa kulalamika, kwa kuwa gazeti la New York Times ndilo lililozipata nyaraka hizo kwanza na kuanza kuzichapisha tarehe 13 Juni. Katika filamu ya Spielberg gazeti hilo limekuwa mpinzani wa mbali. Filamu inamrudishia mtu mmoja haki yake na papo hapo inachukua kidogo ya mwingine.

Nenda mbele zaidi uwatafute wanawake na watumishi. Martha Mitchell alikuwa mke wa John Mitchell, aliyekuwa mwanasheria mkuu na baadaye mkuu wa kampeni ya Nixon. Siku chache baada ya uvunjaji alizuiliwa kwa nguvu katika chumba cha hoteli huko California asizungumze na mwandishi wa habari, na aliposimulia mambo hayo alionekana mlevi na mwenye wazimu. Alifariki Mei 1976, mwaka uleule filamu maarufu ilipotoka, na hadithi yake haikupewa uzito hadi mwaka 2022, tamthilia ya televisheni *Gaslit* ilipomweka Julia Roberts katika nafasi yake. Jipatie orodha hii kwa macho ya miaka: 1976 waandishi, 1995 rais mwenyewe katika *Nixon* ya Oliver Stone, 2008 mtangazaji aliyemhoji, 2017 mmiliki wa gazeti, 2022 mke aliyenyamazishwa. Kashfa ni ileile, tarehe hazikubadilika. Anayebadilika ni mtu tunayeona kwa macho yake, na kila anapobadilika, Nixon naye hubadilika: mara ni sauti isiyoonekana, mara ni mzee mwenye majeraha ya utotoni, mara ni mkuu wa wanaume wanaomdhulumu mwanamke.

Katika kashfa yenye kifo, hatua hii si ya hiari. Usiku wa tarehe 18 Julai 1969 gari alilokuwa akiliendesha Seneta Edward Kennedy lilitumbukia majini katika kisiwa cha Chappaquiddick, jimboni Massachusetts, na Mary Jo Kopechne, mwenye umri wa miaka 28, akafa ndani yake. Kennedy alitoa taarifa kwa polisi baada ya saa zipatazo kumi. Alikiri kosa la kuondoka eneo la ajali, akapewa kifungo cha miezi miwili kilichoahirishwa, na akaendelea kuwa seneta hadi alipofariki Agosti 2009. Filamu yenye jina la kisiwa hicho ilitoka miaka michache baada ya kifo chake, na kwa kiasi kikubwa inafuata siku saba za Kennedy na washauri wake. Unapoitazama, hesabu dakika ambazo Kopechne ni mtu mwenye kazi, mawazo na marafiki, na dakika ambazo yeye ni tatizo la kisiasa la mtu mwingine. Alikuwa amefanya kazi katika kampeni ya urais ya Robert Kennedy mwaka uliotangulia. Jambo hilo liandike kwenye daftari, kwa sababu kila mjadala wa jina la seneta huwa unampita yeye kana kwamba ni jina la mahali.

Vyumba vilivyofungwa

Matukio ya filamu ya aina hii huwa ya namna tatu, na ni vizuri kuyatia alama tofauti pembeni mwa daftari. Kuna yaliyorekodiwa, yaani hotuba, mahojiano, vikao vya hadhara, ambapo maneno yanaweza kulinganishwa na yaliyosemwa. Kuna yaliyofupishwa, ambapo watu watatu wamefanywa mmoja au miezi mitatu imefanywa wiki. Na kuna yaliyobuniwa, ambayo aghalabu hutokea usiku, ndani ya chumba kilichofungwa, kati ya watu wawili ambao hakuna aliyewasikia.

Ili kuyatambua ya namna ya tatu, jiulize: ni nani alikuwepo, na je, yeyote kati yao aliwahi kusimulia? Kama jibu ni hapana, umemkuta mwandishi wa mswada akifanya kazi yake. Usikasirike, ila ongeza umakini, kwa sababu mara nyingi tukio la kubuni ndilo linalobeba hukumu ya filamu juu ya mwanasiasa.

*Frost/Nixon* ya mwaka 2008 ni somo zuri. Mahojiano yenyewe yalifanyika kweli mwaka 1977. Nixon alilipwa dola 600,000, na mazungumzo yaliyorekodiwa yalifikia saa zaidi ya 28. Katika filamu, usiku mmoja, siku chache kabla ya mahojiano ya mwisho, Nixon akiwa amelewa anampigia simu mtangazaji David Frost na kumwaga uchungu wake dhidi ya watu wa tabaka la juu. Simu hiyo haikuwahi kupigwa. Imebuniwa, na kwa kweli imebuniwa kwa ustadi mkubwa, lakini ndiyo inayotufanya tumwonee huruma kabla hajabanwa. Tena kuna jambo la hila zaidi. Kauli yake maarufu kwamba rais akitenda jambo basi jambo hilo si kinyume cha sheria aliitamka kweli, ila aliitamka katika kipindi kingine, wakijadili mpango wa kuwapeleleza wapinzani wa serikali. Filamu imeihamishia kwenye mazungumzo ya Watergate. Maneno ni yake, mahali si pake. Ukikagua maneno pekee hutagundua kitu. Kagua pia yalisemwa lini na yalikuwa yakijibu swali gani.

Mfano wa pili ni wa Italia. Giulio Andreotti alikuwa waziri mkuu mara saba na alishtakiwa kwa kushirikiana na Mafia. Aliachiliwa mwaka 1999. Kisha mahakama ya rufani ikaona kwamba uhusiano huo ulikuwepo hadi mwaka 1980 lakini muda wa kuuadhibu ulikuwa umepita, na uamuzi huo ukathibitishwa mwaka 2004. Katika *Il Divo*, filamu ya Paolo Sorrentino ya mwaka 2008, Andreotti anakaa peke yake, anaitazama kamera, na kukiri mambo mazito kwa hasira. Andreotti wa kweli hakuwahi kukiri hivyo. Wakati huo alikuwa hai, alikuwa seneta wa maisha, na alikasirishwa na filamu. Nadhani tukio hilo ni halali kama sanaa, kwa kuwa Sorrentino haifichi kwamba linatoka nje ya uhalisia. Hata hivyo mtu asiyejua hukumu ya mahakama anaweza kuondoka na ungamo badala ya hukumu hiyo tata, na hukumu tata ndiyo ukweli uliopo.

Kuna kishawishi kingine cha kukinga. Kwa ajili ya *All the President's Men*, chumba cha habari cha Washington Post kilijengwa upya studioni kwa usahihi wa kupita kiasi, hadi takataka za mezani zikasafirishwa kutoka kwenye gazeti lenyewe. Usahihi wa meza, simu na tai hutufanya tuamini na mazungumzo. Kwa kweli hayo ni mambo mawili tofauti: maneno yanayowahimiza waandishi wafuate nyayo za fedha, ambayo leo hunukuliwa kama urithi wa uandishi wa habari za uchunguzi, hayamo katika kitabu cha waandishi wale. Yaliandikwa kwa ajili ya filamu.

Uso wa mwigizaji

Hapa sitakawia. Mwigizaji mahiri humpa mwanasiasa kitu ambacho picha za habari haziwezi kumpa, yaani maisha ya ndani. Anthony Hopkins, aliyemwigiza Nixon katika filamu ya 1995, na Frank Langella, aliyemwigiza katika *Frost/Nixon*, hawakufanana naye sana, na bado kila mmoja alimfanya mtu anayeweza kuhurumiwa. Baada ya kutazama, tafuta dakika kumi za mwanasiasa mwenyewe akizungumza, na uone kama huruma hiyo inabaki. *Good Night, and Good Luck* ya mwaka 2005 ilichukua njia nyingine: Seneta Joseph McCarthy, aliyewaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti, hakuigizwa na mtu, bali anaonekana katika picha zake halisi za miaka ya 1950, na filamu nzima ni ya rangi nyeusi na nyeupe ili zioane. Ni njia ya haki zaidi, ingawa hata hapo aliyechagua dakika zipi zionekane ni mhariri wa filamu.

Mwaka wa filamu na wenye maslahi

Andika mwaka wa filamu kwa herufi kubwa. Kisha jiulize ni nani alikuwa hai, nani alikuwa madarakani, na nani aliuza haki za kitabu chake. Katika sheria za Marekani na za Uingereza marehemu hawezi kudai fidia kwa kuchafuliwa jina, na ndiyo sababu mojawapo ya filamu nyingi kali kungoja mazishi. *Nixon* ya Oliver Stone ilitoka mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya rais huyo kufariki, na familia yake ikailaani.

Anayebaki hai anaweza pia kuingia mezani. Tamthilia ya mwaka 2021 kuhusu kushtakiwa kwa Rais Bill Clinton bungeni ilikuwa na Monica Lewinsky, mfanyakazi wa zamani wa ikulu aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na rais huyo, miongoni mwa wazalishaji wake. Mimi naona ni jambo jema kwamba mwanamke aliyefanywa kichekesho cha dunia mwaka 1998 alipata kusema neno, na wakati huohuo mtazamaji mwangalifu ataliandika jambo hilo kwenye daftari, kama vile angeandika iwapo Clinton ndiye angekuwa mzalishaji.

Wakati mwingine filamu hutangulia kashfa. *Wag the Dog* ilitoka Desemba 1997, ikisimulia washauri wa rais wanaobuni vita vya uongo ili kufunika kashfa ya ngono. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja: mwezi uliofuata habari za Lewinsky zikalipuka, na Agosti 1998, siku tatu baada ya Clinton kukiri uhusiano huo, Marekani ikashambulia Sudan na Afghanistan kwa makombora. Waandishi wa habari waliitaja filamu hiyo walipomhoji waziri wa ulinzi. Hapo filamu ilikuwa imekwisha kuwapa watu miwani ya kumtazamia rais kabla tendo halijatendeka, na miwani hiyo haikuthibitisha chochote kuhusu sababu za mashambulizi.

Kinyume chake, *Z* ya Costa-Gavras, iliyotoka mwaka 1969, ilitengenezwa wakati Ugiriki ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, kuhusu mauaji ya mbunge Grigoris Lambrakis ya mwaka 1963. Filamu nyingi hufungua kwa tangazo kwamba kufanana na watu halisi ni bahati tu. Hii ilitangaza kwamba kufanana huko kumekusudiwa. Ilipigwa marufuku Ugiriki hadi utawala huo ulipoanguka mwaka 1974. Hakimu mchunguzi aliyewakilishwa humo, Christos Sartzetakis, alichaguliwa na Bunge kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 1985. Sitasema filamu ndiyo iliyompa urais, lakini iliuhifadhi uadilifu wake katika miaka ambayo nchini mwake kuusifu hadharani kulikuwa hatari.

Baada ya kutazama: nenda kwenye nyaraka

Chagua matukio matatu tu yaliyokugusa zaidi, uyafuatilie. Ukijaribu kukagua kila kitu utachoka siku ya kwanza. Kwa Nixon, kanda zake zenye urefu wa takriban saa 3,700 zimehifadhiwa katika maktaba yake iliyo chini ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, na sehemu kubwa inasikilizwa na yeyote kupitia intaneti. Sikiliza mazungumzo ya tarehe 23 Juni 1972, siku sita baada ya uvunjaji, anapokubaliana na msaidizi wake H. R. Haldeman kwamba shirika la ujasusi la CIA litumike kulizuia shirika la upelelezi la FBI lisiendelee na uchunguzi. Kanda hiyo ilipotolewa Agosti 1974, watetezi wake wa mwisho bungeni walimtoroka. Hakuna muziki wala kivuli usoni; ni wanaume wawili wakizungumza kwa sauti ya kawaida kabisa kuhusu jambo ovu, na kwangu utulivu huo unatisha kuliko uigizaji wowote.

Kwa kashfa nyingine tafuta kumbukumbu za Bunge, hukumu za mahakama, ripoti za tume, na magazeti ya wiki ileile. Pale ambapo nyaraka zimefungwa, filamu yenyewe inaweza kuwa ufunguo. *JFK* ya Oliver Stone, ya mwaka 1991, ilikosolewa vikali kwa kuchanganya ushahidi na dhana, na ukosoaji huo ulistahili. Lakini kelele ilizozusha zilichangia Bunge la Marekani kupitisha sheria ya Oktoba 1992 iliyoagiza nyaraka za mauaji ya Rais Kennedy zikusanywe na kufunguliwa kwa umma. Kwa hiyo usiitupe filamu kwa sababu umeikuta na makosa. Uliza kwanza imewalazimisha watu kutafuta nini.

Andika maandishi ya mwisho yaliyokosekana

Filamu za kashfa hupenda kumalizika kwa maandishi yanayoeleza kila mmoja aliishia wapi: huyu alifungwa, yule alipata tuzo. Hatua ya mwisho ni kuyaandika mwenyewe kwa ajili ya wale ambao hawakupewa. Fungua orodha yako ya wasiokuwepo, uchukue jina mojamoja, uandike sentensi mbili zilizothibitishwa. Kisha rudi kwenye nusu ukurasa wa mwanzo, uliouandika kabla ya kutazama, na utie mstari chini ya kila jambo ambalo sasa ungeliandika tofauti.

Nikifanya zoezi hili kwa Watergate huanza na mlinzi wa usiku. Frank Wills, akiwa na umri wa miaka 24, ndiye aliyeona utepe uliobandikwa kwenye kitasa ili mlango usijifunge, akaita polisi. Katika filamu ya 1976 anaonekana kwa muda mfupi mno, na anayeonekana ni yeye mwenyewe, akiigiza nafasi yake. Maandishi yake ya mwisho, ambayo hayakuwekwa kwenye skrini, yangesomeka hivi: baada ya usiku ule hakupata tena kazi ya kudumu ya kumtosha, na alifariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 52, akiwa fukara.